Klachi inayoteleza na klachi isiyokata: jibu kwa mwenye Mazda MX-5 ya mwaka 1991

Msomaji mmoja ameniandikia kuhusu Mazda MX-5 yake ya kizazi cha kwanza, ya mwaka 1991, yenye injini ya lita 1.6, ambayo ameinunua hivi karibuni ikiwa imekwisha kutumika sana. Anasema kwamba akipanda mlima kwa gia ya tano, mshale wa mizunguko ya injini hupanda lakini mwendo hauongezeki. Kwamba asubuhi, gari likiwa la baridi, gia ya nyuma huingia kwa kukwaruza. Na kwamba pedali ya klachi siku hizi hushika karibu kabisa na sakafu. Fundi wa kwanza amemwambia kuwa klachi yote imekwisha, na wa pili amemwambia kuwa ni slevu silinda tu, yaani silinda ndogo ya mafuta inayosukuma klachi ili iachie. Anauliza nani kati yao amesema kweli, na kama anaweza kubadilisha klachi mwenyewe akiwa na jeki, stendi nne za chuma na rafiki mmoja.

Ndugu msomaji, umefanya vyema kutaja kila dalili peke yake badala ya kusema tu kwamba klachi ni mbovu, kwa sababu dalili zako hazitoki mahali pamoja. Kwa maelezo uliyotoa, naamini kila fundi ameona nusu ya ugonjwa. Klachi huharibika kwa njia mbili zinazopingana: kuna inayoteleza, yaani haishiki vya kutosha hata pedali ikiwa imeachiwa kabisa, na kuna isiyokata, yaani inaendelea kushika hata pedali ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Slevu silinda inayovuja haiwezi kuifanya klachi iteleze, maana kazi yake ni kutenganisha peke yake. Ikikosa nguvu, klachi hubaki imeshika. Vilevile, klachi pleti, yaani sahani ya msuguano inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, ikilika haishushi pedali. Mara nyingi hufanya kinyume, sehemu ya kushika ikapanda juu. Kwa hiyo gari lako lina uwezekano mkubwa wa kuwa na magonjwa mawili kwa wakati mmoja, jambo ambalo si la ajabu kwa gari la umri huo, na ukitibu moja tu utarudi chini ya gari mara ya pili.

Ili vipimo nitakavyokueleza viwe na maana, ni vizuri uone kwanza picha ya ndani. Klachi pleti hubanwa kati ya flaiwili, yaani gurudumu zito lililofungwa nyuma ya injini, na presha pleti, yaani sahani inayoikandamiza. Nguvu ya kubana hutoka kwenye springi ya diaframu, ambayo ni duara la chuma lenye vidole vinavyoelekea katikati. Unapokanyaga pedali, masta silinda iliyo nyuma ya injini husukuma mafuta ya breki, slevu silinda iliyofungwa nje ya giaboksi husukuma uma, uma husukuma rilizi beringi, na beringi hukandamiza vidole ili pleti iachiwe. Pleti ikilika huwa nyembamba, presha pleti husogea kuelekea flaiwili na vidole hunyanyuka kuelekea giaboksi, hadi inafika hatua ambayo springi imefunguka kupita kiasi na haibani tena kwa nguvu inayotakiwa. Slevu silinda hujirekebisha yenyewe kufuata mabadiliko hayo, na ndiyo sababu mwenye gari la aina hii huweza kuendesha miaka mingi bila kugundua kwamba pleti inakwisha.

Anza na kuteleza, na uanze kwa namba badala ya hisia. Giaboksi ya gari lako ina uwiano wa 0.814 katika gia ya tano, 1.000 katika gia ya nne na 1.330 katika gia ya tatu, na difu yake, yaani gia za nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu, ni 4.3. Kwa tairi za kiwandani za 185/60 zenye rimu ya inchi 14, hesabu inatoa takribani mizunguko 3,200 kwa dakika ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa katika gia ya tano, takribani 3,950 katika gia ya nne, na takribani 5,250 katika gia ya tatu. Uhusiano huu ni wa meno kwa meno. Hauwezi kubadilika kwa sababu ya mlima, mzigo wala hali ya hewa. Tafuta barabara tupu na salama, tembea kwa mwendo wa kawaida mahali tambarare, na usome mishale yote miwili ukiwa huna haraka. Kisha rudia mlimani kwa gia ileile ukiwa umekanyaga mafuta hadi mwisho. Kama tambarare ulisoma 3,200 na mlimani unasoma 3,600 kwa mwendo uleule, klachi inateleza na hakuna haja ya kubishana zaidi. Mishale ya magari ya zamani hudanganya kidogo, na tairi za saizi nyingine hubadilisha hesabu, lakini kwa kuwa unalinganisha gari na lenyewe, makosa hayo hayakusumbui.

Kuna kipimo kingine ambacho mafundi wengi hukipenda, cha kuvuta breki ya mkono, kuingiza gia ya tatu au ya nne, na kuachia klachi gari likiwa limesimama ili kuona kama injini itazimika. Mimi sikiamini sana. Klachi inayoshindwa kipimo hicho imekwisha kiasi kwamba hata abiria angekwambia, na inayokishinda bado inaweza kuteleza barabarani, kwa sababu injini hii ya 1.6 hutoa msokoto wake mkubwa kabisa, Nm (njutonmita) 135 hivi, kwenye mizunguko 5,500 na si ikiwa inaunguruma palepale. Kwa sababu hiyohiyo, mtu anayeendesha taratibu mjini anaweza kuapa kuwa klachi yake ni nzima.

Ukishathibitisha kuteleza, usikimbilie kununua pleti. Yapo mambo matatu ya nje yanayoweza kuiga pleti iliyokwisha, na yote yanatokana na presha ya mafuta kubaki ndani ya mfumo wakati pedali imeachiwa. La kwanza ni pedali kukosa nafasi huru. Isukume kwa kidole: lazima isogee milimita chache bila upinzani kabla ya kuanza kusukuma pistoni ya masta silinda. Mtu akiikaza fimbo ya pedali kupita kiasi, na watu hufanya hivyo wakidhani wanatibu pedali iliyoshuka, tundu dogo la kurudishia mafuta kwenye kopo la akiba la masta silinda halifunguki, mafuta yakipata joto yanatanuka bila mahali pa kwenda, na klachi inajikanyaga yenyewe polepole. La pili ni mpira wa masta silinda kuvimba na kuziba tundu hilohilo, hasa kama kuna aliyewahi kuongeza oili ya injini au mafuta mengine yasiyo ya breki. La tatu ni hozi ya mpira inayoelekea slevu silinda, ambayo ikizeeka huvimba kwa ndani ikawa kama mlango unaofunguka upande mmoja tu.

Kuna njia moja ya kuyapima yote matatu kwa pamoja, na ni rahisi kiasi kwamba nashangaa haitumiki zaidi. Liendeshe gari mpaka lianze kuteleza, simama mahali salama, zima injini, weka stendi, kisha ufungue kidogo nipeli ya kutolea hewa kwenye slevu silinda ukiwa umeifunika kwa kitambaa, bila mtu yeyote kugusa pedali. Mafuta yakiruka kwa nguvu, presha ilikuwa imenaswa ndani. Funga nipeli, ongeza mafuta kwenye kopo, na ujaribu tena mlimani. Kama kuteleza kumetoweka, pleti yako huenda haina kosa lolote. Kama mafuta yametiririka tu kwa uzito wake na gari linateleza vilevile, basi tatizo liko ndani, na giaboksi itashuka.

Sasa tuje kwenye upande wa kutokata, ambao kwa maelezo yako ndio unaokwaruza gia asubuhi. Washa injini, kanyaga klachi hadi sakafuni, hesabu hadi tano, kisha ingiza gia ya nyuma. Muda huo unatosha kwa shafti ya kuingilia ya giaboksi, ile inayozungushwa na pleti, kusimama. Ikiwa bado inakwaruza, shafti inaendelea kuzungushwa, yaani pleti haijaachiwa. Kisha kanyaga pedali haraka mara tatu au nne mfululizo na ujaribu tena: gia ikiingia laini na sehemu ya kushika ikapanda, mfumo wa mafuta una hewa au unavuja. Ingia chini ya gari, vuta pembeni raba ya vumbi iliyo mbele ya slevu silinda, na utazame. Ndani panapaswa kuwa pakavu. Matone ya mafuta, au uchafu mweusi wa tope unaoteleza kati ya vidole, vinatosha kuihukumu. Halafu rudi ndani ya gari, piga magoti, na upapase kwa kidole mahali fimbo ya pedali inapoingia kwenye ukuta, kwa sababu masta silinda huvujia upande huo, na wengi huligundua hilo pale zulia linapoanza kulowa. Ukiwa na rafiki wa kukanyaga pedali, tazama pia fimbo ya slevu silinda inavyosogea; inapaswa kwenda kiasi cha sentimita moja au zaidi kidogo. Ikisogea nusu ya hapo, hakuna klachi duniani itakayokata.

Slevu silinda ya gari hili ni sehemu ndogo ambayo hufa mara nyingi kuliko klachi yenyewe. Ushauri wangu ni kubadilisha slevu silinda, masta silinda na hozi yake kwa pamoja. Ukiweka slevu mpya, presha inarudi kamili, na mipira ya masta iliyokuwa imezoea presha ndogo huanza kuvuja ndani ya wiki chache. Nimeona hilo likitokea mara nyingi mno kuamini kwamba ni bahati mbaya.

Kabla hujashusha kitu, kuna jambo moja zaidi la kuchunguza, nalo ni oili. Klachi pleti iliyolowa oili huteleza hata ikiwa na unene wote, na ukiweka mpya bila kuziba mahali oili inapotoka, unalisha ugonjwa. Tazama sehemu ya chini ya nyumba ya klachi, pale injini inapokutana na giaboksi. Ikiwa kuna oili, wengi husema mara moja kuwa ni oili sili, yaani pete ya kuzuia oili, ya nyuma ya krenki shafti, mhimili mkuu wa injini. Katika injini hii kuna mshukiwa mwingine ambaye si wa kupuuzwa: sensa ya pembe ya kemu shafti iliyo nyuma ya kichwa cha silinda ina pete ya mpira ambayo hukakamaa kwa umri, na oili hushuka kutoka huko nyuma ya injini hadi juu ya nyumba ya klachi, ikaonekana kana kwamba imetoka kwenye krenki. Pitisha kidole chini ya sensa hiyo. Kikitoka na oili, badilisha pete, safisha, uendeshe siku chache, ndipo uamue kuhusu oili sili. Harufu nayo inasaidia: oili ya giaboksi ina harufu kali inayofanana na ya salfa, oili ya injini haina, na mafuta ya breki ni membamba na hubabua rangi.

Kelele hazikutajwa katika barua yako, hivyo nitazipita haraka. Mlio unaosikika pedali ikikanyagwa ni wa rilizi beringi. Unaosikika pedali ikiachiwa na kutoweka ikikanyagwa ni wa beringi ya shafti ya kuingilia ndani ya giaboksi, na huo ni mjadala mwingine.

Kuhusu kufanya kazi mwenyewe, jibu langu ni ndiyo, mradi uwe na siku mbili nzima na rafiki asiye na haraka. Umebahatika kwa gari ulilochagua. Mwenye MGB kwa kawaida hulazimika kutoa injini ili afike kwenye klachi, na mwenye Porsche 944, ambayo giaboksi yake iko nyuma ilhali klachi iko mbele, hushusha eksosi, giaboksi na bomba refu linaloziunganisha. Wewe unashusha giaboksi peke yake kutoka chini. Ina uzito wa karibu kilo 40, na ndiyo maana sitaki kusikia umeishusha ukiwa umelala chini yake na kuipokea kifuani.

Nyanyua gari pande zote nne, juu ya stendi za chuma zilizowekwa mahali palipotengwa kwa ajili ya kunyanyulia, kiasi cha nusu mita kutoka ardhini, maana giaboksi iliyolala juu ya jeki inahitaji nafasi ya kupita chini ya ubavu wa gari. Lisukume gari kwa nguvu likiwa juu ya stendi kabla hujaingia chini. Likitikisika, anza upya. Fungua waya hasi wa betri, mwaga oili ya giaboksi, na ndani ya gari toa koni ya katikati, raba za mkono wa gia na mkono wenyewe. Ziba tundu hilo kwa kitambaa safi, kwa kuwa nati ndogo ikiangukia humo itakuharibia mwezi.

Kwa chini, ondoa sehemu ya eksosi inayozuia njia, kisha weka alama ya rangi kwenye propela shafti, yaani mhimili mrefu unaotoka giaboksi hadi difu, na kwenye flanji ya difu ili uzirudishe katika mkao uleule, na uichomoe. Slevu silinda haina haja ya kufunguliwa bomba lake ikiwa hutaibadilisha, lakini wewe utaibadilisha, kwa hiyo iondoe. Stata imeshikwa na bolti mbili, na ya juu itakufundisha subira.

Hapa ndipo gari hili linatofautiana na mengine, na ndipo wageni hukosea. Giaboksi ya MX-5 haina mkono wake wa kushikiliwa kwenye bodi. Imeunganishwa na difu kwa fremu ndefu ya alumini inayokimbia kando ya propela shafti, na fremu hiyo ndiyo inayobeba mkia wa giaboksi. Ukiifungua bila kuweka jeki chini ya giaboksi, mkia unaanguka, injini yote inainama nyuma, na kichwa cha silinda kinasukuma sensa niliyoitaja na hozi za maji ya hita kwenye ukuta. Kwa hiyo weka jeki kwanza, kisha weka kipande cha mbao kati ya injini na ukuta, na ndipo ufungue fremu. Bolti ndefu za upande wa difu mara nyingi zimeota kutu ndani ya vipande vya bomba vilivyo kati; zipulizie mafuta ya kulegezea kutu siku moja kabla. Pima pia umbali kati ya fremu na sakafu ya gari na uuandike, kwa kuwa utauhitaji wakati wa kurudisha.

Bolti za juu za nyumba ya klachi hazionekani kwa macho. Unazifikia kwa fimbo za soketi zilizoungwa hadi karibu mita moja, zikipita juu ya giaboksi kutokea mkiani, huku ukiwa umeshusha mkia kidogo ili upate pembe. Rafiki aelekeze soketi kwa mkono kutoka upande wa injini, nawe uzungushe kutoka nyuma. Zikishatoka zote, vuta giaboksi moja kwa moja kuelekea nyuma, ikiwa katika mstari mmoja na injini, hadi shafti itoke kabisa kwenye pleti. Usiiache hata kidogo ining'inie kwa shafti yake. Miaka ya nyuma nilifanya kazi hii na msaidizi ambaye, nilipokwenda kunywa maji, aliondoa jeki ili aisogeze vizuri. Giaboksi ikaning'inia kwa sekunde chache tu. Pleti mpya ilipinda katikati kiasi ambacho jicho halioni, na baada ya kufunga kila kitu klachi ikakataa kukata. Tulishusha giaboksi mara ya pili siku iliyofuata, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kuongea.

Usipulize vumbi la klachi kwa upepo wa kompresa. Gari la mwaka 1991 linaweza kuwa limewahi kufungwa pleti yenye asbesto, madini ambayo Umoja wa Ulaya ulikamilisha kuyapiga marufuku mwaka 2005 tu, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Lowesha kwa maji yenye sabuni kidogo, futa kwa kitambaa, na ukitupe kitambaa hicho kikiwa bado kimelowa ndani ya mfuko uliofungwa. Vaa barakoa ya vumbi laini.

Ukiwa na pleti mkononi, isome. Pima kina kutoka uso wa pleti hadi kichwa cha ribiti, yaani misumari inayoshikilia nyuso za msuguano. Kikiwa chini ya milimita 0.3, imekwisha. Uso uliong'aa kama kioo ukiwa bado mnene ni wa mtu aliyependa kupumzisha mguu juu ya pedali au kulishikilia gari mlimani kwa klachi. Uso mweusi wenye unyevu ni oili, nawe sasa unajua pa kutazama: ukiona michirizi inaanzia katikati ya flaiwili kuelekea nje, ni oili sili ya krenki, ukiikuta upande wa giaboksi, karibu na rilizi beringi, ni sili ya shafti ya kuingilia. Springi nne au zaidi zilizo katikati ya pleti zisiwe zinacheza kwa kidole. Kwenye flaiwili, madoa ya buluu ni joto lililopita kiasi, na nyufa ndogo kama za nywele zinaweza kuondolewa kwa kusaga uso kwenye mashine. Ufa unaoshika ukucha unamaanisha flaiwili nyingine.

Badilisha klachi pleti, presha pleti, rilizi beringi na beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili, zote kwa pamoja, hata kama moja inaonekana nzima. Sehemu hizo ni ndogo ukilinganisha na kazi ya kuzifikia. Oili sili ya nyuma ya krenki naibadilisha kila mara flaiwili inapotoka, isipokuwa nikikuta ni kavu kabisa na mpya. Kuna mafundi wazuri wanaosema sili kavu isiguswe, na siwalaumu, kwa sababu sili iliyogongwa vibaya huvuja kuliko ile ya zamani.

Huenda utashauriwa ununue klachi ya mashindano au flaiwili nyepesi. Kwa injini ya lita 1.6 isiyoongezwa nguvu, sioni sababu. Presha pleti ngumu hufanya pedali iwe nzito na huongeza mzigo kwenye beringi za krenki, na flaiwili nyepesi hufanya gari liwe gumu kuondoka taratibu. Kama kweli unataka akiba ya nguvu, chukua flaiwili na klachi ya MX-5 ya lita 1.8 kama seti, kwa kuwa inafunga kwenye injini yako bila kubadilisha kitu, na pleti yake ina kipenyo cha milimita 215 badala ya 200. Usichanganye sehemu za saizi hizo mbili.

Wakati wa kufunga, osha uso wa flaiwili na wa presha pleti mpya kwa kisafishio cha breki, kwa sababu presha pleti hutoka kiwandani ikiwa imepakwa oili ya kuzuia kutu. Bolti za flaiwili zifungwe kwa Nm 96 hadi 103 na za presha pleti kwa Nm 18 hadi 26, kidogo kidogo na kwa mfumo wa msalaba, ili diaframu isipinde. Pleti ina upande wake: sehemu ya katikati iliyochomoza zaidi hutazama giaboksi, na kwa kawaida imeandikwa. Tumia fimbo ya plastiki ya kusawazishia inayokuja na seti. Kabla ya kukaza kabisa, ivute nje na uirudishe mara mbili. Ikiingia bila kusukumwa, giaboksi nayo itaingia. Grisi ya joto kali weka tone dogo kwenye kichwa ambacho uma hukaa juu yake, utando mwembamba kwenye meno ya shafti, kisha uingize pleti kwenye shafti, uitoe, na ufute grisi yote iliyosukumwa nje. Rilizi beringi usiioshe kwa petroli, kwa kuwa grisi yake imefungiwa ndani.

Giaboksi ikirudi, lazima nyumba yake igusane na injini kwa mkono. Ikibaki pengo la sentimita mbili, kamwe usilivute kwa kukaza bolti. Utavunja masikio ya alumini. Ingiza gia, mwambie rafiki azungushe shafti ya mkiani taratibu huku ukisukuma, na meno yatajikuta. Rudisha fremu ya alumini kwa vipimo ulivyoandika, kaza, kisha ujaze giaboksi lita 2 za oili ya 75W-90 ya daraja la GL-4.

Kwa mfumo wa klachi tumia mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4, kamwe si ya silikoni. Toa hewa kwa taratibu hii: rafiki akanyage pedali polepole na kuishikilia chini, wewe ufungue nipeli, mafuta yatoke, ufunge, ndipo aiachie. Kopo la klachi ni dogo na hukauka upesi, kwa hiyo lijaze kila baada ya mikanyago minne. Endelea mpaka mafuta yatoke safi bila mapovu, halafu urekebishe nafasi huru ya pedali, milimita chache zilezile.

Kwa kilomita 500 hadi 800 za mwanzo usiikanyage injini kwa nguvu wala kuondoka kwa kishindo. Klachi mpya huhitaji kushikana na kuachiana mara nyingi kwa upole, na safari za mjini zinafaa zaidi kuliko barabara kuu. Harufu kidogo siku ya kwanza ni ya kawaida. Kisha rudi kwenye mlima uleule, gia ya tano, kilomita 100 kwa saa, mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi mwisho, na utazame kama mshale unakaa pale pale ulipokuwa tambarare.